Ghala la Barnaba

Kabla ya kustaafu, Walubengo alikuwa mtu wa kuogopwa na wakulima wa Moi's Bridge. Alikaa kwenye lango la mnunuzi mmoja mkubwa wa nafaka, na kazi yake ilikuwa kupima unyevu wa mahindi. Trekta likisimama, alichoma gunia kwa bomba lake la chuma, akamimina punje kwenye mashine, akasoma namba. Mahindi yakiwa mabichi alitamka neno moja, "Anika," na mwenye mali angeweza kuomba, kununa au kutaja wakubwa aliosoma nao, lakini trekta liligeuzwa. Walimpa majina mengi. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba Walubengo alisoma kitu ambacho hakikuwepo.

Alipostaafu alirudi Eldoret kukaa na mkewe Musimbi katika nyumba yao ya mtaa wa West Indies. Kanisani walimfanya mzee wa kanisa na wakampa matangazo, kwa sababu ya sauti yake. Hata tangazo la sufuria iliyopotea jikoni alilisoma kana kwamba mwizi yuko kwenye benchi la pili na jina lake litafuata.

Riwaya hakuwahi kusoma. Riwaya zilikuwa za Musimbi, ambaye alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na ambaye maisha yake yote alipika huku kitabu kimeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Halafu macho yake yakaanza kuingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na opareshoni yake ni ya kawaida tu, ila sukari ishuke kwanza. Basi Musimbi akawa mtu wa kula mboga, kutembea asubuhi na kungoja. Sufuria aliweza kuziona. Herufi zilikuwa zimekwisha.

Jambo hili lilimuuma hasa kwa sababu ya Jumamosi. Yeye na wanawake wengine watatu walikuwa na kikundi cha kusoma. Walichagua kitabu kimoja, kila mtu akakisoma kwake, kisha wakakutana nyuma ya duka la vitambaa la Nyaguthii, mjini, kugombana juu yake kwa chai. Mwanzilishi alikuwa Diana, mwalimu kijana wa sekondari aliyepanga nyumba karibu na akina Walubengo. Wa nne alikuwa Jepchirchir, mkulima wa upande wa Moi's Bridge, ambaye alikuja mjini na pikapu yake mwenyewe na hakuwahi kukubaliana na Diana kwa jambo lolote.

Safari hiyo walikuwa wamechagua riwaya iitwayo *Bibi Arusi wa Sosiani*. Wenzake walinunua nakala zao kwa mchuuzi wa vitabu kando ya barabara, zenye jalada jembamba na wino uliofifia. Musimbi alitumiwa yake na mwana wao Byron kutoka Nairobi, jalada gumu, karatasi nyeupe. Byron hakuwa ameambiwa kwamba mama yake haoni tena kusoma. Mama alisema hataki kumsumbua mtoto kazini.

Alikishika kile kitabu, akakinusa, akakiweka kwenye mapaja ya mumewe.

"Baba Byron, utanisomea."

"Mimi?"

"Si unasomea kanisa nzima?"

Wakaanza siku hiyo hiyo, saa kumi, baada ya chai. Hadithi yenyewe ilikuwa ya zamani, enzi za magari ya kukokotwa na maksai, mji ungali nyumba chache na tope jingi. Kijana Barnaba alirudi kutoka mbali akiwa na mali, kumbe moyoni amebeba kisasi. Baba yake alifungwa kwa kusingiziwa wizi wa ng'ombe, akafia gerezani, na aliyemsingizia ni nyapara mmoja, Elkana. Elkana alikuwa na binti, Salome. Barnaba akamposa, akalipa mahari bila kubishana, na usiku wa kuamkia harusi akajiapia kwamba baada ya mwaka mmoja atamrudisha Salome kwa baba yake, sokoni, siku ya soko, mbele ya watu wote.

"Mshenzi huyu," alisema Walubengo, akakunja ukurasa.

"Soma," alisema Musimbi.

Kwa sura sita alisoma kama alivyopima mahindi, bila kuongeza wala kupunguza. Matatizo yalianza sura ya saba. Walubengo alikuwa na ustadi mmoja aliojifunza kanisani: macho yake yalitangulia mdomo kwa mistari miwili mitatu, ili asije akajikwaa kwenye jina la mtu. Siku hiyo alisoma kwamba mvua ilikuwa ikinyesha, kwamba Barnaba aliingia akafunga mlango, kwamba Salome alikuwa amefungua kitambaa chake cha kichwa, na kwamba kwa mwanga wa kibatari Barnaba aliona... Hapo macho yalifika mbele, yakaona alichoona Barnaba, yakaona na mkono wa Barnaba unakokwenda. Walubengo alihisi masikio yakipata moto. Alikuwa mzee wa kanisa. Mlango ulikuwa wazi, na jirani alikuwa akianika nguo hatua chache tu kutoka pale.

"...akaona ghala," alisoma.

"Ghala?" aliuliza Musimbi.

"Ghala. Kupitia dirishani."

"Na usiku?"

"Kulikuwa na radi."

Musimbi aliegemea kiti. Walubengo, akigeuza kurasa taratibu ili zilingane na maneno, akaeleza jinsi Barnaba alivyotoka kwenye mvua akakuta ghala la mkewe linavuja, akapanda juu, akaezeka upya. Kesho yake Barnaba akaliinua lile ghala juu ya miguu ya mbao, na kwenye kila mguu akavisha bati lililokunjwa kama mwavuli, ili panya wasipande. Kisha akatafuna punje ya hindi, akatikisa kichwa, akamwambia Salome kwamba unyevu ukizidi kumi na tatu na nusu, mahindi hayaingii humu. Sura ikaisha. Walubengo alifunga kitabu akiwa na jasho mgongoni.

"Sura nzuri," alisema Musimbi.

Angeishia hapo labda ingekuwa kosa dogo. Lakini mwandishi yule hakuwa mtu wa sura moja; kila mvua iliponyesha alimfungia Barnaba ndani. Kila mara Walubengo alimtoa. Alimpa zizi la kujenga, mtaro wa kuchimba, ndama mgonjwa wa kuuguza, na ndama akampa jina, Zebedayo. Tena, jambo ambalo asingelikiri mbele ya mtu, alianza kulipenda. Asubuhi akipalilia sukuma nyuma ya nyumba alijikuta akiwaza Barnaba afanye nini leo. Hasira yake kwa yule kijana ilikuwa ya kweli, na kwa kuwa mwandishi alionekana hana mpango wa kumwadhibu, Walubengo alimwadhibu mwenyewe. Alimwangusha kutoka kwenye gari la maksai akavunjika mguu. Akamlaza miezi. Mwishowe, bila hata kuzitazama sura za mwisho za mwandishi, akampeleka kanisani kwa mikongojo, akamsimamisha mbele ya kusanyiko akaungama kila kitu, na wazee wakamtenga na meza ya Bwana mpaka Pasaka.

Kulikuwa na sura ya kumi na tano pia. Humo Salome anagundua kiapo cha mumewe, anasimama mlangoni na kumwambia maneno. Maneno yenyewe yalikuwa kurasa nne, bila Barnaba kujibu. Walubengo aliziangalia, akaona ni ndefu, na saa ya habari ilikuwa inakaribia.

"Salome akanyamaza," alisoma, "akaenda kupika."

Walubengo aliwasha redio.

Jumamosi ilipofika alimsindikiza mkewe mjini kwa sababu ya macho, akamfikisha nyuma ya duka la Nyaguthii, naye akabaki mbele, kwenye stuli katikati ya mitumba ya vitambaa vya pazia, na gazeti. Kati yake na wale wanawake kulikuwa na pazia tu. Alisikia kila kitu.

"Mimi naona Barnaba hakukosea," alianza Jepchirchir. "Baba yake alisingiziwa ng'ombe, akafia jela. Korti siku hizo ilikuwa ya nani? Alikuwa aende wapi?"

"Kwa hivyo aoe msichana wa watu ndiyo amlipe?" Hiyo ilikuwa sauti ya Diana. "Aki huyo msee ni wa kukimbia. Kila dalili iko hapo. Mimi mwanafunzi wangu akiniletea kijana kama huyo naita wazazi."

"Mimi hiyo kisasi hainisumbui," alisema Nyaguthii. "Kinachonisumbua ni ile gauni ya Salome. Ati mahameli nyeupe. Eldoret ya wakati huo, kwa hiyo matope! Nani alikuwa anaifua?"

"Lakini ulisema ulilia," alisema Diana.

"Nililia. Gauni bado ni uongo."

Kisha ikasikika sauti ya Musimbi, tulivu, ile aliyotumia kwa darasa la nne.

"Nyinyi mnamhukumu Barnaba kwa yale aliyosema. Mimi namtazama kwa yale aliyofanya. Mtu anayemchukia mke wake hamwezekei ghala usiku wa mvua."

Walubengo aliinua gazeti mpaka likamfunika uso.

"Ghala gani?" aliuliza Diana.

"Ile ya sura ya saba. Yenye mabati ya panya."

Walisikika wakipekua. Nyaguthii alisema kwamba sura ya saba anaikumbuka vizuri sana na hakuna panya ndani. Musimbi, bila kupandisha sauti, aliendelea. Alitaja mtaro. Alitaja ndama Zebedayo. Alisema yeye binafsi alimsamehe Barnaba siku ile aliyosimama kanisani kwa mikongojo, na kama wazee waliomtenga mpaka Pasaka waliweza kumpokea tena, Diana ni nani?

Mtu mwingine angedhani mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Lakini Diana alikuwa amesoma chuo kikuu, na aliyesoma chuo kikuu hakosi maelezo. Alichukua nakala yake, akailinganisha na ya Nyaguthii, akaona kurasa zilizopinda na wino uliofifia, akapiga meza.

"Mnajua nini? Tumeuziwa feki. Hizi zetu ni za kunakili. Wamekata sura ndiyo zitoshe. Mama Byron ako na orijino."

"Nilijua!" alisema Nyaguthii. "Hata ile gauni pengine ni wao waliiweka."

Jepchirchir ndiye aliyefurahi zaidi. Alitaka kuelezwa habari za ghala tangu mwanzo, urefu wa miguu, bati linakunjwaje, na Musimbi akamweleza yote. Kisha wakaamua kwa kauli moja, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika kikundi kile, kwamba kikao kijacho kitafanyika kwa Mama Byron, na Mzee mwenyewe awasomee kutoka kwa kitabu kamili.

Siku zilizofuata Walubengo alijaribu njia kadhaa. Alisema koo linamuuma, akapewa tangawizi. Alisema Jumamosi hiyo ana kamati ya kanisa. Musimbi akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alitangaza Jumapili, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, kwamba kamati imeahirishwa. Alifikiria kukipoteza kitabu. Lakini kila alipokitafuta alikikuta kwenye mapaja ya Musimbi.

Wakaja. Nyaguthii alileta maandazi, Jepchirchir maziwa ya mursik kwenye kibuyu. Walikaa sebuleni, kila mmoja na nakala yake wazi mapajani na kalamu mkononi, tayari kujaza yale waliyoibiwa. Walubengo alikaa kiti chake, akasafisha miwani, akaisafisha tena.

"Sura ya saba, Mzee," alisema Diana kwa heshima.

Alisoma. Mvua ikanyesha, Barnaba akafunga mlango, Salome akafungua kitambaa cha kichwa. Vichwa vitatu vilifuata mstari kwa mstari. Walubengo alimtazama mkewe, akitumaini atakohoa, ataomba maji, atafanya lolote. Musimbi alikuwa ameelekea dirishani, uso umetulia kama mtu anayesikiliza kwaya.

"...na kwa mwanga wa kibatari, Barnaba akaona... ghala..."

"Ngoja, Mzee," alisema Nyaguthii. "Hapo kwangu imeandikwa akaona shingo."

"Hata kwangu ni shingo," alisema Jepchirchir.

Diana aliinuka, akaenda nyuma ya kiti cha Walubengo, akainama juu ya bega lake, akasoma. Kisha akanyoosha mgongo taratibu sana.

"Ni shingo," alisema.

Walubengo aliweka kitabu mezani. Wakulima wangapi walikuwa wamesimama mbele yake, mahindi yamekataliwa, hawajui mikono waiweke wapi! Sasa naye hakujua.

"Nilitunga," alisema.

"Ghala?"

"Ghala."

"Na mtaro?" aliuliza Diana.

"Pia."

"Na kule kuungama? Na Zebedayo?" Nyaguthii alikuwa ameshika kifua. "Mzee! Na wewe ndiye unatusomea matangazo! Kwa hivyo ile mikutano ya kina mama unasema kila mara imeahirishwa, huwa imeahirishwa kweli?"

Diana alicheka mpaka akakaa sakafuni. Jepchirchir hakucheka hata kidogo.

"Nyinyi mnacheka," alisema. "Mimi nilienda nyumbani nikamwelezea bwanangu Kiprono. Nikamwambia watu wa zamani walikuwa wanajenga hivi, iko kwa kitabu. Mzee wangu ameshakata miti. Ameshakunja mabati. Ghala iko nusu!"

"Hiyo itasimama," alisema Walubengo kwa unyonge. "Vipimo ni vya kweli."

Alimgeukia Musimbi, maana kati ya wote waliokuwa pale ni yeye tu aliyedanganywa siku baada ya siku. Musimbi alikuwa akimimina chai kwa kupapasa ukingo wa kikombe.

"Mimi nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu unyevu wa kumi na tatu na nusu. Baba Byron, enzi za maksai mashine ya kupima hivyo angeitoa wapi?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha." Alimpa kikombe, akakosea kidogo upande, Walubengo akakipokea. "Tangu tuoane hujawahi kunihadithia kitu. Ukitoka kazini nilikuwa nauliza habari za huko, unasema, 'Mahindi.' Sasa nimepata mtu na ndama wake, nimkatize kwa nini?"

Wanawake walipenda jibu hilo. Nyaguthii alifuta macho na kusema kumbe mapenzi ya kweli hayahitaji mahameli. Jepchirchir alilainika kiasi cha kumwomba Walubengo aje shambani awaonyeshe mteremko wa paa. Waliondoka wakiwa na maoni mapya juu ya ndoa, na kwa muda fulani Walubengo alikuwa mume wa kusifiwa pale West Indies. Alizoea haraka.

Sukari ikashuka. Musimbi akafanyiwa opareshoni ya jicho la kwanza, na bandeji ilipotoka alisoma kila kilichokuwa mbele yake, mabango, maboksi ya dawa, jina la fundi lililochongwa chini ya meza. Wiki iliyofuata alikaa dirishani na *Bibi Arusi wa Sosiani*. Alianza mwanzo, kwa jicho moja, akitaka kulinganisha.

Sura ya saba ilimchukua muda. Walubengo alipopita alimkuta akicheka peke yake, na alipomuuliza kuna nini, Musimbi alifunika ukurasa kwa mkono.

"Huyu mwandishi hana ghala hata moja," alisema. "Wala silihitaji."

Yote hayo yalikuwa mema. Siku mbili baadaye Musimbi alifika sura ya kumi na tano, na kicheko kikaisha.

Walubengo hakutambua mara moja. Aliuliza chakula cha jioni ni nini, mkewe akainuka akaenda jikoni. Akauliza kama Byron amepiga simu, mkewe akamenya vitunguu. Siku ya tatu, akijiandaa kwenda kwa wazee wenzake, aliuliza shati lake la kanisa liko wapi, na Musimbi alijibu kwa sauti nzito, sauti ya matangazo, ambayo Walubengo hakuwa anajua kwamba mkewe anaiweza.

"Salome akanyamaza," alisema. "Akaenda kupika."

Walubengo alisimama pale na fulana.

"Zile kurasa zilikuwa ndefu," alisema.

"Sura ya saba uliiruka kwa haya. Hiyo naielewa, hata ilinichekesha. Hii uliiruka kwa nini?"

"Habari zilikuwa karibu kuanza."

"Mwanamke ameolewa kwa hila, amejua, amesimama mlangoni mwa nyumba yake, amesema maneno yote aliyokuwa nayo. Wewe ukampa sufuria." Alimkabidhi kitabu. "Na mimi nikaenda kwa wenzangu nikamtetea mume wake. Nilijua unaongeza, Baba Byron. Sikujua unatoa."

Hakwenda kwa wazee wenzake. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, karibu na sukuma, akazisoma zile kurasa nne mwenyewe, midomo ikitikisika. Salome hakupiga kelele mle ndani. Alisema: *Ulinioa ili baba yangu aone aibu. Lakini aliyekuwa akiamka kukuwashia moto si baba yangu. Nilidhani angalau unanichukia mimi. Hata hilo hukunipa. Umenipita kila siku kama mlango, ukimtafuta mwingine upande wa pili.* Yakaendelea hivyo. Walubengo alipomaliza alirudi ukurasa wa kwanza akaanza tena.

Saa kumi, baada ya chai, alivaa miwani bila kuombwa. Musimbi sasa aliweza kusoma mwenyewe, lakini hakumzuia. Alisoma kurasa zote nne. Alianza kwa sauti yake ya kanisani, kwa sababu hakuwa na nyingine, na mahali fulani kwenye ukurasa wa pili ile sauti ikamwishia, akaendelea kwa ile ya chini ambayo watu hutumia wakisoma vibaya.

Alipofika mwisho alivua miwani.

"Halafu Salome akishaondoka, anamrudia Barnaba?"

"Anarudi. Sura ya mwisho."

Walubengo alishusha pumzi. "Afadhali."

"Afadhali nini?"

"Afadhali amerudi. Kijana amebadilika."

Musimbi alimgeukia na lile jicho lake jipya. "Amebadilika wapi? Aliyebadilika ni wa kwako, yule wa mikongojo. Huyu wa kitabu alisema pole mara moja tu, na mvua ilikuwa inanyesha, pengine hata hakusikika. Mimi ningekuwa Salome nisingerudi."

"Lakini wewe ndiye ulikuwa unamtetea!"

"Na wewe ndiye ulimvunja mguu."

Hawajakubaliana mpaka leo. Jumamosi iliyofuata Musimbi aliwatangazia wenzake kwamba amebadili msimamo, jambo lililomkasirisha Diana, ambaye katika wiki hizo alikuwa ameanza kumwonea Barnaba huruma na sasa hakuwa na mtu wa kumuunga mkono isipokuwa Walubengo. Nyaguthii alisema watamaliza maneno yote, gauni litabaki pale pale. Jepchirchir aliripoti kwamba ghala limekamilika na panya hawapandi, na kwamba Kiprono, kila akipita mgeni, humwambia ramani yake imetoka kwa kitabu cha historia.

Jicho la pili la Musimbi nalo lilitengenezwa baada ya mvua. Kikundi kimechagua riwaya nyingine, nene, ya mambo ya urithi, na yeye huisoma mwenyewe dirishani, kimya kimya. Walubengo huleta kiti chake karibu, na gazeti. Mara kwa mara mkewe hucheka ghafla, au hugutuka na kusema, "Kumbe!" kisha akageuza ukurasa. Walubengo hushusha gazeti akangoja.

"Amefanya nini?" huuliza.

"Nani?"

"Huyo. Yeyote huyo."

Musimbi humaliza kwanza ukurasa. Siku nyingine humwambia.